St. Thomas: chuo kilichofukuzwa kwenye ligi kwa kushinda kupita kiasi

Tarehe 22 Mei 2019 ligi ya vyuo vya jimbo la Minnesota, inayojulikana kwa kifupi kama MIAC, ilitoa taarifa fupi yenye uzito wa nondo. Chuo Kikuu cha St. Thomas cha mjini St. Paul kinaondolewa, bila ridhaa yake, na kitacheza kama mwanachama kamili hadi mwisho wa mwaka wa masomo wa 2020/21, basi. Hapakuwa na tuhuma yoyote. Hakuna mchezaji aliyelipwa chini ya meza wala matokeo ya mitihani yaliyochakachuliwa. Sababu kuu iliyotajwa ilikuwa uwiano wa ushindani. Kwa lugha ya kijiweni: mnatufunga mno, tokeni.

Sisi tuliokulia kwenye soka la kupanda na kushuka daraja tunaona kichekesho hapa. Timu ikizidi nguvu madaraja ya chini, inapanda. Michezo ya vyuo Marekani haina ngazi hiyo. Ligi pale ni mkataba wa hiari kati ya taasisi: unaalikwa, unakubali, mnapangiana ratiba, mnagawana gharama, na siku mkichokana mnaachana. Wanaopiga kura si makocha, ni wakuu wa vyuo wenyewe, watu ambao meza zao zimejaa bajeti, udahili na wahisani kabla ya kufika kwenye matokeo ya Jumamosi. Ukilisahau hilo, kisa chote cha St. Thomas kinageuka hadithi ya wivu tu, na wengi ndivyo walivyokisimulia.

Juu ya ligi hizo kuna chama kikubwa, NCAA, chenye madaraja matatu. Daraja la Kwanza ndilo lile la televisheni, la Machi na mashindano ya mpira wa kikapu yanayosimamisha nchi. Daraja la Tatu ndilo lenye vyuo vingi zaidi, na sheria yake kubwa ni kwamba hakuna kumpa mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya michezo. Anaweza kusaidiwa kwa ufaulu wake au kwa hali ya kifedha ya nyumbani kwao, lakini si kwa urefu wake au mitupo yake ya pointi tatu. MIAC ni ligi ya Daraja la Tatu. Safari zake ni za basi, zote ndani ya jimbo moja. Iliyo mbali ni ya kwenda Moorhead, mpakani na North Dakota, kwa Concordia.

St. Thomas hakuwa mgeni aliyekaribishwa akaharibu nyumba. Ni mmoja wa waasisi saba wa mwaka 1920, pamoja na Carleton, Gustavus Adolphus, Hamline, Macalester, St. John's na St. Olaf. Wakati ule walilingana kwa namna fulani: vyuo vya makanisa, vidogo, vyenye walimu wanaowajua wanafunzi kwa majina. St. Thomas kilikuwa chuo cha Kikatoliki cha wanaume, kilichoanzishwa na Askofu Mkuu John Ireland mwaka 1885. Mwaka 1977 kikafungua milango kwa wanawake, na hapo ndipo njia zilipoanza kuachana. Kikaongeza kozi za biashara na za shahada za juu, kikafungua kampasi katikati ya jiji la Minneapolis, mwaka 1990 kikabadili jina kuwa chuo kikuu. Kufikia 2019 kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 6,000 wa shahada ya kwanza. Carleton na Macalester walikuwa na kama 2,000 kila kimoja, na kwa hiari yao. Wamejijengea jina kwa kubaki wadogo na kuchagua wanafunzi kwa ukali.

Ni rahisi kusema huu ulikuwa ugomvi wa tajiri na maskini, lakini sivyo. Kwa fedha zilizowekezwa kwenye mifuko ya akiba, Carleton na Macalester walikuwa mbele ya St. Thomas. Wangetaka timu kali wangeweza kuilipia. Hawakutaka. Tofauti ilikuwa ya ukubwa wa wanafunzi, mahali chuo kilipo, na zaidi ya yote, chuo kinataka kuwa nini.

Sasa tuingie uwanjani, maana makaratasi peke yake hayafukuzi mtu.

Kwenye mpira wa kikapu wa wanaume, St. Thomas walikuwa wafalme kwa muda mrefu. Kocha Steve Fritz alikaa benchi lile tangu 1980, na mwaka 2011, msimu wake wa mwisho, akawapa ubingwa wa taifa wa Daraja la Tatu kwa kuwafunga Wooster 78-54. Akamwachia kiti Johnny Tauer, aliyewahi kuchezea chuo hichohicho na ambaye pia ni mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu; alikuwa akifundisha darasani asubuhi na uwanjani jioni. Mwaka 2016 Tauer naye akabeba kombe, 82-76 dhidi ya Benedictine. Ubingwa wa taifa mara mbili ndani ya misimu sita, kwenye ligi ya vyuo visivyotoa ufadhili wa michezo, si bahati.

Hata hivyo, naamini kikapu peke yake kisingemfukuza mtu. Kwenye kikapu timu ndogo inahitaji wachezaji wanane wazuri, na chuo cha wanafunzi 2,000 kinaweza kuwapata wanane. Ukifungwa kwa pointi 25, unapanda basi na kurudi kusomea mtihani. Donda lilikuwa kwenye futiboli ya Kimarekani, inayokula wachezaji mia. Kocha Glenn Caruso, aliyefika 2008, aliikuta timu iliyokuwa hoi na kuigeuza mtambo. Mwaka 2017 mtambo huo ukawatandika St. Olaf 97-0. Tisini na saba kwa sifuri, kati ya vyuo viwili vilivyoanzisha ligi pamoja.

Ukitaka kuelewa kwa nini matokeo hayo yalipanda hadi ofisi ya mkuu wa chuo, fikiria kazi ya kocha wa futiboli kwenye chuo kidogo cha Daraja la Tatu. Kwa kuwa hakuna ufadhili wa michezo, kijana anayekuja kucheza analipa ada, au familia yake inalipa, baada ya punguzo la kawaida. Akisajili vijana 30 wa mwaka wa kwanza, amewaletea wahasibu wanafunzi 30 wanaolipa, tena wanaume, kundi ambalo vyuo vingi vidogo vya Marekani vinalitafuta kwa tochi. Timu ile ni idara ya udahili iliyovaa kofia za chuma. Sasa kocha huyo anaketi sebuleni kwa mzazi, kijana ana simu mkononi, na kwenye simu kuna 97-0. Atasema nini? Kwamba chuo chetu kina maabara nzuri?

Ndiyo maana sioni uvivu wala wivu kwenye hoja ya wale wakuu, hata kama namna walivyoitekeleza inakera. Vipigo vile vilikuwa vinawagusa kwenye pumzi. Macalester walishaonyesha njia mapema: waliiondoa timu yao ya futiboli kwenye MIAC tangu mwaka 2002, wakatafuta wa kucheza nao kwingine, huku michezo yao mingine ikibaki. Na ripoti za vyombo vya habari vya Minnesota kabla ya uamuzi zilisema baadhi ya vyuo vilikuwa tayari kuondoka vikaanzishe ligi yao iwapo St. Thomas atabaki. Kwa hiyo swali mezani halikuwa tu kama St. Thomas ana kosa. Lilikuwa: aondoke mmoja, au ligi ya miaka 99 ivunjike?

St. Thomas chini ya mkuu wake Julie Sullivan hakuficha kwamba alitaka kubaki, na wengi walihuzunika naye. Wa kwanza kuumia walikuwa watani wa jadi, St. John's wa Collegeville, Wakatoliki wenzao. Mechi ya futiboli ya Tommies (St. Thomas) na Johnnies (St. John's) ilikuwa kubwa kuliko daraja lake. Mwaka 2017 ilipelekwa Target Field, uwanja wa besiboli wa Minneapolis, na wakaingia watazamaji 37,355, rekodi ya Daraja la Tatu. Daraja la Tatu, jamani, mahali ambapo michezo mingi inatazamwa na wazazi na mbwa wao. Ile ya Oktoba 2019, kwenye uwanja wa soka wa Allianz Field, ilijaza watu 19,508 na St. John's wakashinda 38-20. Zingatia hapo: aliyefukuzwa kwa kushinda mno alifungwa na jirani yake kwa tofauti ya pointi 18, miezi mitano baada ya kufukuzwa. Msimu wa futiboli uliofuata uliliwa na korona, na watani wakaachana bila kuagana vizuri.

Baada ya Mei 2019 St. Thomas alikuwa na njia tatu. Angeweza kutafuta ligi nyingine ya Daraja la Tatu, jambo lililomaanisha kusafiri majimbo ya mbali na pengine kukumbana na lalamiko lilelile baada ya muda. Angeweza kupanda Daraja la Pili. Au aruke mpaka la Kwanza, jambo ambalo kanuni za NCAA za wakati huo hazikuliruhusu moja kwa moja: chuo cha Daraja la Tatu kilipaswa kupitia la Pili kwanza, na mlolongo mzima ungekula kama miaka 12.

Hapa ndipo ligi nyingine inaingia, na ndipo mtu anapoona jinsi mabadiliko ya uanachama yanavyovutana kama uzi wa fulana. Summit League ni ligi ya Daraja la Kwanza yenye vyuo vya katikati ya nchi: South Dakota, South Dakota State, North Dakota, North Dakota State, Omaha, Denver, Oral Roberts na wengineo. Ilikuwa inampoteza Purdue Fort Wayne, aliyehamia Horizon League mwaka 2020. Haikuwa na mwanachama Minnesota. St. Thomas alikuwa na jiji kubwa, soko la televisheni, wahitimu wenye uwezo na uwanja wa ndege mlangoni. Tarehe 4 Oktoba 2019 Summit ikatangaza kumwalika, kwa sharti kwamba NCAA ikubali kuruka kwake. Julai 2020 NCAA ikakubali. Chuo cha kwanza katika zama hizi kupanda moja kwa moja kutoka la Tatu hadi la Kwanza ni kile kilichotimuliwa na majirani zake.

Kuruhusiwa ni jambo moja, kucheza ni jingine. St. Thomas aliingia rasmi Julai 2021 akiwa na wachezaji aliowasajili kwa ajili ya Daraja la Tatu. Tauer alibaki na kiti chake, jambo ambalo vyuo vingi vingelikwepa kwa kutafuta jina kubwa. Msimu wa 2021/22 timu ya kikapu ya wanaume ilimaliza na ushindi 10 na vipigo 20. Kwenye hoki ya barafu ilikuwa hali mbaya zaidi: ushindi mitatu, vipigo 32, sare moja. Futiboli ilipelekwa Pioneer League, ligi ya Daraja la Kwanza isiyotoa ufadhili wa michezo, na hapo waliweza kusimama wima tangu mwanzo. Kwa hiyo chuo kimoja kikawa na uanachama wa ligi tofauti kwa michezo tofauti, kila moja na ratiba, ada na wakubwa wake. Kwenda kucheza Macalester ilikuwa ni kukatiza mitaa michache ya St. Paul. Sasa Tulsa, kwa Oral Roberts, na Denver ni ndege.

Na palikuwa na adhabu ya kungoja. Chuo kinachopanda daraja hakiruhusiwi kwenda mashindano ya taifa ya NCAA hadi kimalize kipindi cha mpito, ambacho kwa St. Thomas kilipangwa kuwa cha miaka mitano. Jiweke kwenye nafasi ya kijana unayemsajili: njoo utoe jasho, ukishinda kila kitu hutakwenda popote. Tauer akajenga hivyohivyo. Msimu wa pili walishinda 19, wa tatu 20, wa nne 24.

Katika msimu wa pili kulikuwa na mchezaji wa mwaka wa kwanza, Andrew Rohde, aliyefunga wastani wa pointi 17 kwa mchezo na kuwa mwanafunzi mpya bora wa Summit League. Msimu ulipoisha akahamia Virginia, chuo kikubwa. Hilo ndilo Daraja la Kwanza la leo: uhamisho ni huru, fedha zipo, na ukimpika mchezaji vizuri mwenye sufuria kubwa anakuja kuchukua. Miaka michache nyuma St. Thomas ndiye aliyekuwa mkubwa anayetisha wadogo. Sasa akaonja upande wa pili wa meza, na kwa kumbukumbu yangu hakuenda kuomba Virginia ifukuzwe kwenye ligi yake.

Machi 2025, kule Sioux Falls, St. Thomas wakafika fainali ya mashindano ya Summit League. Hata wangeshinda wasingekwenda mashindano ya taifa. Tiketi ingekwenda kwa Omaha, waliokuwa wameongoza msimu wa kawaida. Wakacheza fainali ambayo mpinzani wao alikuwa na tiketi mfukoni kabla ya mpira kurushwa juu. Omaha wakashinda 85-75 na angalau utata ukaisha. Mwaka huohuo NCAA ikafupisha kipindi cha mpito kwa mwaka mmoja, na St. Thomas wakapata uanachama kamili kuanzia msimu wa 2025/26.

Sambamba na hayo likaja jengo. Januari 2023 Lee na Penny Anderson walitangazwa kutoa dola milioni 75 kwa ajili ya ukumbi mpya wa kikapu na hoki, mradi uliotajwa kuwa wa dola milioni 175, na ukafunguliwa mwaka 2025 ndani ya kampasi ya St. Paul. Majirani walikwenda mahakamani kupinga, wakihofia foleni na maegesho. Ninachojiuliza ni kama zawadi ile ingekuja kwa timu inayocheza na Hamline siku ya Jumatano. Sidhani. Kufukuzwa kuliwafungulia mifuko ambayo ushindi wa miaka yote haukuwa umeifungua.

Vipi waliobaki? MIAC haikukaa na pengo. Ikamchukua St. Scholastica wa Duluth, aliyekuwa ligi jirani ya UMAC, naye akaanza 2021. Macalester wakarudisha timu yao ya futiboli nyumbani mwaka huohuo, dalili ya wazi kabisa kwamba hofu ilikuwa kwa mtu mmoja. Futiboli ikagawanywa makundi mawili. Lakini uwiano wenyewe? St. John's na Bethel wameendelea kukaa juu na wa chini wamebaki chini, ila bila 97-0. Labda hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta, kufungwa kwa kiasi kinachovumilika. Siwacheki, kwa bajeti ya udahili tofauti hiyo ina maana.

Aliyelipa bili bila kuwepo mezani ni UMAC. Ligi hiyo ni ya vyuo vidogo kuliko vya MIAC, na St. Scholastica alikuwa miongoni mwa vigogo wake. Kanuni ya Daraja la Tatu wakati ule ilidai ligi iwe na wanachama wasiopungua saba ili bingwa wake apate tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa, kwa hiyo kwa ligi ndogo kila anayeondoka anahesabiwa kwa vidole. Mwaka 2023 Finlandia, chuo kingine kidogo cha Daraja la Tatu huko Michigan, akafunga chuo chenyewe. Hakufungwa na uamuzi wa MIAC, alikuwa na shida zake za fedha na wanafunzi, lakini tazama mpangilio: chuo kinatolewa St. Paul, anahama mwingine wa Duluth, na mbele zaidi kuna ligi inayopiga hesabu kama itabaki ligi.

Kwa maoni yangu MIAC walikuwa na tatizo la kweli na wakachagua dawa ya haraka. Wangeweza kubaki na St. Thomas kwenye kikapu, riadha, kuogelea na mingineyo, na kumtoa kwenye futiboli tu, kama Macalester alivyojitoa mwenyewe 2002. Kwenye kikapu wangeendelea kuwa na bingwa wa taifa anayewavuta juu. Lakini wakuu wa vyuo walitazama wanafunzi 6,000 na kuona kwamba leo ni futiboli, kesho ni kila kitu, na kwa makombe ambayo St. Thomas alikuwa akiyabeba kwa wanaume na wanawake, kesho hiyo ilikuwa imeshafika.

Naye St. Thomas ameshaanza kuhama kwa hiari yake. Timu ya hoki ya wanaume, iliyopokelewa na ligi ya CCHA wakati haina rekodi ya kujivunia, inaondoka kwenda NCHC, ligi yenye majina makubwa zaidi ya hoki, kuanzia msimu wa 2026/27. Kwenye Summit, Denver wametangaza kwenda West Coast Conference mwaka 2026, na Western Illinois walishatoka tangu 2023. Mwenye jiji kubwa kuliko wote waliobaki sasa ni St. Thomas, na simu za mialiko zikianza kulia, atakayepigiwa kwanza anajulikana.